Wanga: jinsi ya kuchagua bila kuacha ugali

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, mlo haujakamilika bila ugali, wali, ndizi au chapati. Ndiyo maana mtu anayeambiwa "acha wanga", ama kwa sababu anataka kupunguza uzito au kwa sababu sukari ya damu yake imepanda, hubaki akijiuliza atakula nini.

Wataalamu wa lishe hawamtaki mtu auache wanga kabisa. Wanachohimiza ni kuangalia aina ya wanga, kiasi chake na chakula kinacholiwa pamoja nao.

Kazi ya wanga mwilini

Gramu moja ya wanga huupa mwili kilokalori 4 hivi. Chakula kinaposagwa tumboni, wanga hugeuka kuwa glukosi na kuingia katika damu, kisha kongosho hutoa homoni ya insulini ili seli ziweze kuitumia. Ubongo wa mtu mzima pekee hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku.

Vyakula vya wanga hutofautiana kwa kasi ya kuingiza sukari katika damu. Maharage, kunde, dengu na nafaka zisizokobolewa huchukua muda mrefu kusagwa, hivyo sukari hupanda polepole na shibe hudumu. Mkate mweupe na vinywaji vyenye sukari huipandisha kwa haraka.

Sembe au dona?

Punje ya mahindi ina sehemu tatu: ganda lenye nyuzinyuzi, kiini chenye mafuta, vitamini na madini, na sehemu kubwa ya ndani ambayo zaidi ni wanga. Mahindi yanapokobolewa, ganda na sehemu kubwa ya kiini hutoka kama pumba, ambazo aghalabu hulishwa mifugo. Unga mweupe wa sembe hutokana na sehemu inayobaki. Dona husagwa kwa punje nzima.

Hata hivyo, dona inahitaji uangalifu. Mafuta ya kiini huufanya unga uharibike mapema, kwa hiyo ni vyema kusaga kiasi kidogo kidogo. Aidha, sumukuvu hujikusanya zaidi katika ganda na kiini. Mahindi ya dona yanapaswa kukaushwa vizuri, kuhifadhiwa mahali pakavu na kuondolewa punje zilizooza au zenye ukungu.

Unga wa ulezi, mtama au uwele usiokobolewa ni chaguo jingine zuri, iwe kwa ugali au kwa uji.

Kiasi gani kinatosha?

Katika mwongozo wake wa mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza kwamba wanga utokane hasa na nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na mikunde. Mtu mzima anashauriwa kupata angalau gramu 400 za mboga na matunda, na gramu 25 za nyuzinyuzi, kila siku.

Shirika hilo pia linataka sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayehitaji kilokalori 2,000, hizo ni takriban gramu 50, sawa na vijiko 12 vya chai. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vya sukari, tayari amefikia vijiko tisa kabla ya kugusa soda.

Njia rahisi ya kupima mlo ni kuigawa sahani: nusu iwe mboga na matunda, robo iwe maharage, samaki, mayai au nyama, na robo inayobaki iwe ugali, wali, viazi au ndizi. Katika nyumba nyingi mpangilio huwa kinyume: ugali hujaa sahani na mboga huwa kitoweo kidogo cha kuushushia.

Wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari hawapaswi kupunguza wanga ghafla bila kumwona mhudumu wa afya. Dawa ikibaki ileile huku chakula kikipungua, sukari inaweza kushuka hadi kiwango cha kuhatarisha maisha.