Watani wa Jadi: Neno na Masharti Yake

Kwa zaidi ya miaka hamsini nimekuwa shabiki wa Simba, na kwa zaidi ya thelathini nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Mapenzi hayo mawili yameniachia ugonjwa mmoja: siwezi kusikiliza matangazo ya mpira bila kusahihisha. Siku hizi, kila Simba na Yanga zinapokaribia kukutana, nasikia "dabi ya Kariakoo". Silikatai neno hilo. Kiswahili kimepokea mengi kutokana na mchezo huu, nacho hakikudhoofika. Ila naona linasukuma pembeni neno jingine, na linalosukumwa lina uzito ambao dabi haina. Nasema juu ya neno watani.

Kariakoo yenyewe ni kazi ya masikio ya watu wa kawaida. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, katika Vita Kuu ya Kwanza. Wenyeji wakaisikia Kariakoo, ikabaki hivyo. Katika mitaa hiyo ilizaliwa Young Africans mwaka 1935, na ulimi uleule ukaifupisha kuwa Yanga. Mwaka uliofuata baadhi ya waliokuwamo walijitenga wakaunda timu yao. Iliitwa Queens, kisha ikachukua jina la Sunderland, mji wa Uingereza wenye timu ya jina hilo. Kwa jina hilo la kuazima ilitwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1965. Mwaka 1971 ndipo ikawa Simba. Wapenzi wa lugha watazame tofauti hiyo: jina moja lilisagwa na vinywa hadi likawa la Kiswahili, jingine lilivuliwa kama koti na mahali pake pakawekwa jipya. Mimi ni wa Msimbazi, lakini nakiri kwamba katika fani ya kutohoa maneno watu wa Jangwani walitutangulia.

Basi timu hizi si majirani tu. Ni nyumba moja iliyogawanyika. Tena hazikuwa za kwanza kuugawa mji. Kabla yake miji ya pwani ilikuwa na ngoma ya beni, na wachezaji wake waligawanyika kati ya Marini na Arinoti: kila upande na vyeo vyake, sare zake, na nyimbo za kuusuta upande wa pili. Nyuma zaidi, Mombasa ya Muyaka bin Haji ilijibizana kwa mashairi, na aliyeshindwa kujibu alikuwa ameshindwa kweli. Kwa hiyo shabiki anayetunga kejeli kuhusu kipa wa timu pinzani amesimama katika foleni ndefu, hata kama hajui walio mbele yake.

Lakini kwa nini watani, na si mahasimu? Utani katika Tanganyika haukuwa mzaha wa hivi hivi. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19. Wajukuu wao ni watani. Wanyamwezi waliteremka pwani na misafara wakipita kwa Wazaramo, nao wakawa watani. Mahali palipokuwa na damu, au hofu ya mgeni apitaye, watu waliweka utaratibu: nitakutukana usikasirike, nitachukua kitu chako usinishitaki, nawe utanifanyia vivyo hivyo. Na ukifiwa, mimi ndiye nitakayekuja kufanya kazi ambazo ndugu zako wamelemewa kuzifanya kwa majonzi. Mtani huchimba kaburi. Mtani huigiza mwendo wa marehemu hadi waliao wacheke. Mtani huweza kuuzuia mwili njiani hadi alipwe kitu kidogo. Ruhusa ya kutukana na wajibu wa kuzika vimefungwa katika fundo moja.

Aliyeanza kuziita timu hizi watani wa jadi alichagua neno lililokomaa. Wenzetu wa Kenya walikwenda njia iliyo karibu na hiyo: Gor Mahia na AFC Leopards huitwa mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana sana. Shemeji naye humtania shemejiye, na msibani hawezi kukosekana. Dabi haimdai mtu chochote baada ya kipenga cha mwisho.

Hapa nichepuke kidogo. Wanaolalamika kwamba mpira umekiharibu Kiswahili huwa hawakusikiliza redio enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam. Sauti kama ya Ahmed Jongo, na baadaye Charles Hilary, zilitufanya tuone uwanja tusioweza kuufikia. Kandanda, kabumbu, gozi. Bao, ambalo kabla ya hapo lilikuwa mchezo wa kete. Kuotea, ambalo lilihama kutoka kwa mwindaji hadi kwa mshambuliaji. Kumpiga mtu kanzu, mpira ukimpitia juu ya kichwa. Chandimu, mpira wa watoto usio na refa. Eneo la hatari likawa "kumi na nane", namba tupu, na kila msikilizaji alijua moyo uende mbio. Nimefundisha tamathali za usemi miaka mingi, na mifano yangu mizuri ilitoka humo kuliko katika vitabu vya kiada.

Kejeli nazo zilikuwa na sanaa yake. Sisi tuliwaita Vyura, kwa sababu Jangwani hufurika masika. Wao walituita Mikia. Mwaka 1968 walitufunga mabao 5–0, nikiwa mdogo mno kuelewa, lakini nilikua nikiyasikia hayo matano kama mtoto anavyosikia deni la babu yake. Tarehe 19 Julai 1977 tukalipa na riba: 6–0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Nilikuwa kijana wa sekondari. Marehemu baba, shabiki kuliko mimi, alizima redio baada ya mechi akisema hataki ichafuliwe na habari nyingine siku hiyo.

Ugomvi wenyewe mkali, nijuavyo, haukuwa kati ya timu hizi. Ulikuwa ndani. Katikati ya miaka ya 1970 mgogoro wa Yanga ulivunja klabu hadi ikazaliwa Pan African, nayo mwaka 1982 ikatwaa ubingwa. Waliotengana hivyo walinuniana kwa namna ambayo mtu wa Simba na mtu wa Yanga hawakununiana. Ndugu wakigombana hakuna utani wa kuwafichia aibu.

Mtani wangu nilimpata chuo cha ualimu, tukilala vitanda vya juu na chini. Alikuwa Yanga wa kuzaliwa. Mwaka 1981 baba yangu alifariki, na mwenzangu huyo alisafiri nami usiku kucha hadi nyumbani. Asubuhi alichukua jembe bila kuagizwa. Mwili ulipotolewa alijilaza katikati ya njia, kitambaa cha njano na kijani shingoni, akapaza sauti: marehemu alicheka siku ya sita zile, basi hapiti hadi kila bao lilipiwe shilingi moja. Wazee walicheka huku wakifuta machozi. Mama yangu, ambaye tangu juzi yake hakuwa amesema neno, alisema, "Mpeni mtani haki yake." Zikachangwa shilingi sita. Akasimama, akajipangusa vumbi, akashika mbele ya jeneza.

Tuliishi hivyo miaka arobaini na zaidi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilitufunga 5–1. Alinipigia simu, akahesabu polepole hadi tano kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, akakata. Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu ya mwisho. Wiki chache baadaye alifariki.

Nilikwenda na skafu yangu nyekundu ndani ya mfuko. Jeneza lilipotoka niliivaa, nikasimama njiani. Magoti hayaniruhusu tena kujilaza. Nikasema marehemu amenihesabia matano na kuniaga bila kunilipa fidia, basi hapiti. Kukawa kimya. Kijana mmoja, mpwa wake nadhani, alinishika mkono kwa nguvu akanivuta. "Mzee, tuna msiba hapa. Mambo ya dabi kayafanyie uwanjani." Wengine wakaguna kumuunga mkono. Siwezi kumlaumu sana. Aliona mtu wa timu pinzani amekuja kuwacheka wafiwa, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kitu kingine. Nami, niliyewafundisha vijana wa rika lake ngeli na vina, somo hilo sikuwahi kulitia ubaoni.

Nilikuwa naanza kuivua skafu aliposikika mjane nyuma. Aliuliza kuna nini mbele, akaambiwa. Akasema wamwache shemeji yake. Akaja taratibu, akashikwa mkono na mabinti, akafungua pindo la khanga na kutoa sarafu, akaziweka kiganjani mwangu moja moja. Zilikuwa nne. Akapapasa tena pindo, hakuna kitu.

"La tano utanidai," alisema.

Nikasogea kando, nikashika upande wa kushoto wa jeneza, na yule kijana akashika wa kulia.