Ukaguzi wa famasi (Massachusetts)

Ukaguzi wa famasi katika jimbo la Massachusetts, Marekani, husimamiwa na bodi ya famasi ya jimbo. Kanuni zake zilikazwa kwa sheria ya mwaka 2014, kufuatia mkasa wa 2012 ambapo sindano za steroidi zilizotengenezwa na New England Compounding Center, mjini Framingham, zilikutwa na kuvu. Watu zaidi ya 750 katika majimbo 20 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 walifariki. Sheria hiyo inadai leseni maalumu kwa famasi zinazochanganya dawa zisizo na vimelea, zikiwemo za majimbo mengine zinazouza Massachusetts, na inaagiza ukaguzi wa kushtukiza.