Kubebwa kwa Muda

Mwaka 1931, huko Boston, daktari kijana John Gibbon alikesha na mwanamke aliyekufa kwa damu iliyoganda mapafuni. Akawaza mashine ya kumpumulia na kumsukumia damu mgonjwa wa namna hiyo. Kazi hiyo ilimchukua miaka 22. Mei 6, 1953, mashine yake ilifanya kazi ya moyo na mapafu ya binti wa miaka 18 kwa dakika 26, tundu la moyo wake likizibwa. Akapona.

Tanzania, upasuaji huo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Toka Karatu au Endulen, huko ni mbali. Mashine haiponyi; humbeba mgonjwa mpaka moyo wake uweze tena. Nasi washarika tumbebe mwenzetu: nauli, msindikizaji, sala, hadi afike.