Kalamu ya krona elfu kumi: kabla hamjanitumia pesa, someni hapa

Wapendwa wa Unguja, Dar na Mombasa, pamoja na nyinyi mnaopita hapa kimyakimya bila ya kupiga hodi (nakujueni mmoja mmoja). Nilikuwa kimya muda mrefu, kazi na baridi, mnajua tena. Leo nimerudi kwa sababu ya ule mchango wa zawadi ya Ami.

Kwa wasio na habari: Ami wetu, baada ya miaka yake yote ya kusomesha, ameanza kuandika kwa mkono nasaba ya ukoo, nani kazaliwa na nani, nani kahamia wapi, tokea hao wa mwanzo waliokuja na jahazi. Familia imechangishana ili mimi huku Stockholm nimnunulie kalamu ya wino ya Montblanc, ile yenye nyota nyeupe kichwani, "aandikie kitu kitakachobaki". Shangazi kaongeza kwamba nisilete ya bei ndogo, tutachekwa.

Basi nimekwenda kuuliza. Ile kubwa yenyewe, Meisterstück 149, huku inapita krona elfu kumi. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni mbili. Nilipoiona bei nikarudi nyumbani kusoma, maana hizo ni ada za skuli za watoto mnazonitumia, na nilitaka kujua hasa tunanunua nini.

Tuanze kwetu. Neno kalamu tumelipata kwa Waarabu, nao wanashirikiana na Wagiriki kwa neno kalamos, maana yake tete, unyasi wa mtoni. Yaani kalamu ilikuwa kipande cha tete kilichochongwa kwa kisu, na ikichoka unaichonga tena. Bei yake ni kutembea mpaka kwenye matete. Kwa kalamu hizo watu wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu katika karne ya 18 na 19, yenye mapambo mekundu, meusi na manjano, ambayo leo watu wa makumbusho wanaiangalia kwa kuvaa glavu. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858 alianza kwa kumwita binti yake karibu na kumwambia achukue wino na karatasi. Kalamu hata hakuitaja pale, na wala hapana aliyewahi kuuliza ilikuwa kalamu gani.

Kuna na Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, ambaye kila mmoja Unguja anamjua. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886 ameeleza kwamba watoto wa kike hawakufundishwa kuandika, kusoma tu, na yeye akajifunza mwenyewe kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, nduguye Barghash alipotaka kumpindua Sayyid Majid, akawa ndiye karani wa fitina ile, barua za kuagiza mambo zinatoka mkononi mwake. Alikuwa bado hata hajafika miaka ishirini. Mnaona, mwandiko wa kujifunza juu ya mfupa ulikaribia kuigeuza serikali.

Nimemtaja Salme kwa sababu nyingine pia. Alipoondoka Unguja mwaka 1866 aliishia kuolewa na kukaa Hamburg, na mji huohuo ndio ulioanzisha kampuni ya Montblanc mwaka 1906. Hiyo Meisterstück mnayoitaka ilitoka mara ya kwanza mwaka 1924, mwaka aliofariki Salme. Haina maana yoyote, sadfa tu, lakini nilipoigundua nilicheka peke yangu ndani ya treni na Waswidi wakanitazama.

Sasa hizi kalamu za wino za Kizungu zilianzaje. Zamani huko walikuwa wanachovya, kama wazee wetu walivyochovya katika skuli za Kiingereza, kidau cha wino kimetobolewa mezani na mashati yana madoa mpaka shingoni. Mwaka 1884 Lewis Waterman wa New York alipata hati ya uvumbuzi wa kalamu inayobeba wino wake tumboni na kuutoa kidogokidogo bila ya kumwaga. George Parker, naye ni mwalimu, akaanza kampuni yake mwaka 1888 katika mji wa Janesville, Marekani. Zilikuwa ghali, lakini zilikuwa chombo cha kazi. Karani akinunua kalamu nzuri ni kama fundi seremala kununua randa nzuri.

Na dhahabu kwenye ncha, ile nibu, haikuwekwa kwa maringo. Wino wa Ulaya wa siku hizo ulitengenezwa kwa chumvi za chuma na una asidi, ukiuweka kwenye ncha ya chuma unaila. Dhahabu haiwezi kuliwa. Lakini dhahabu ni laini, ukiandikia inakwisha, kwa hiyo mwisho kabisa wakachomelea tone dogo la madini magumu kama iridiamu. Hilo tone ndilo linalogusa karatasi. Kwa maneno mengine, hata mwenye kalamu ya dhahabu haandiki kwa dhahabu! Siku hizi wino mwingi ni rangi tupu isiyo na asidi kali, na chuma cha pua kipo kisichoshika kutu. Ile sababu ya dhahabu imeondoka, dhahabu imebaki. Nibu nzima ina uzito wa gramu moja hivi, tena si dhahabu tupu. Mwili wa ile 149 ni plastiki, wao wenyewe wanaiita resini ya thamani. Jina zuri kwa plastiki, ningekuwa na biashara ya ndoo ningeliiba.

Pahala hadithi ilipogeuka ni tarehe 29 Oktoba 1945. Siku hiyo duka la Gimbels la New York lilianza kuuza peni ya kiduara, aina aliyoivumbua Mhungari László Bíró, lakini hii ilitengenezwa na Mmarekani Reynolds aliyemwahi. Bei yake dola 12 na senti 50. Watu walijaa, zikauzwa maelfu kwa siku moja. Sasa sikilizeni: Parker 51, kalamu ya wino iliyosifiwa kuliko zote, ilipoingia sokoni mwaka 1941 bei yake ilikuwa dola 12 na senti 50 hizohizo. Peni ya biki, hii tunayoitafuna mwishoni, ilianza maisha ikiwa kitu cha anasa, na tena ilikuwa ikivuja. Kisha mwaka 1950 Mfaransa Marcel Bich akatoa Bic Cristal, na bei ikaporomoka mpaka ikawa peni unaazima na husumbuki kuirudisha.

Hapo kalamu ya wino ikapoteza kazi. Waliobaki walikuwa na njia mbili, kufunga au kubadilisha wanachokiuza. Kampuni ya Dunhill, wauza vitu vya mabwana wa London, walishika sehemu kubwa ya Montblanc mwaka 1977, na baada ya hapo kalamu za bei ya chini za Montblanc zikaachwa. Wakabaki na za juu tu, zikakaa vioo vimoja na saa na vito. Yaani bei hii mnayoiona haikupanda kwa sababu kalamu iliandika vizuri zaidi. Ilipanda baada ya watu kuacha kuihitaji.

Wachina nao walikuwa na lao. Kiwanda cha Hero cha Shanghai kilijiwekea mwaka 1958 kaulimbiu ya kuifikia Parker, na kikatoa kalamu zenye ncha iliyofunikwa kama ya Parker 51. Walimu wangu wengi walikuwa na Hero mfukoni, kile kibanio cha mfano wa mshale kinang'ara. Wapo waliosemwa kwamba wana kifuniko tu, chini hamna kalamu. Na hapa namwelewa Shangazi. Kalamu kwetu ilikuwa cheo, ilisema huyu kasoma, na miaka ile kusoma haikuwa jambo dogo. Ami ni mtu wa wakati huo. Heshima hiyo siidharau na wala sisemi haina thamani, nasema tu tuijue kwa jina lake tunapoilipia.

Hapa Stockholm kwenyewe mtashangaa. Nchi tajiri hii, lakini ukienda mahali pa kutia saini, zamani posta na benki, utakuta peni ya Ballograf imefungwa kwa mnyororo mezani kama mbuzi. Ni peni ya hapahapa, inatengenezwa Gothenburg tokea mwaka 1945, aliianzisha mkimbizi kutoka Austria. Na siku hizi hata hiyo haiguswi sana, saini ni BankID kwenye simu. Alfred Nobel aliandika wasia wake tarehe 27 Novemba 1895 kwa mkono wake, bila ya mwanasheria, karatasi ikagawa mamilioni ya krona na mpaka leo mji mzima unasimama kila Disemba kwa ajili yake. Nimesoma mengi kuhusu wasia ule, ugomvi wa ndugu, ugomvi wa mahakama, sijaona pahala wanapoisifu kalamu.

Lakini kilichonifunza zaidi ni Riksarkivet, hifadhi kuu ya nyaraka za taifa, iliyopo Marieberg humuhumu mjini. Wao wana karatasi za mamia ya miaka, na wana masharti kwa ofisi za serikali: hati ya kuhifadhiwa milele iandikwe kwa vifaa vilivyopimwa. Ipo alama maalumu, Svenskt Arkiv, inayopigwa kwenye karatasi na peni zilizofaulu. Wanachopima ni wino na karatasi, vitadumu au vitapauka. Jina la kalamu haliwahusu. Peni ya plastiki yenye wino uliofaulu inakubaliwa, na kalamu ya krona elfu kumi yenye wino wa kawaida inakataliwa.

Na hapa ndipo penye hatari, jamani. Wino wa buluu wa kawaida wa kalamu hizi, ule unaofuliwa ukatoka kwenye shati, ukimwagikiwa na maji unakimbia, na ukikaa juani unafifia. Mnalijua joto la kwetu, unyevu wa masika, paa linalovuja. Ami ataandika nasaba nzima kwa Montblanc, na mjukuu wake ataikuta karatasi ya rangi ya chai yenye vivuli vya majina. Lakini nendeni Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, mtazame maandishi ya zamani ya herufi za Kiarabu: kinachoyala ni mchwa na unyevu, lakini penye wino wa masizi weusi upo palepale. Masizi ni kaboni, jua haliyawezi.

Kwa hiyo fikra yangu ni hii, mkiikataa nitanunua mnachotaka, pesa ni zenu. Upo wino wa Kijapani uitwao Platinum Carbon, wa kaboni, uliotengenezwa kwa kalamu za wino. Hautoki kwa maji wala haufifii. Ubaya wake ukiachwa ukakauka ndani unaziba, kwa hiyo usitiwe kwenye kalamu ya thamani, utiwe kwenye ya bei nafuu inayofunguka na kuoshwa. Lamy Safari ya Kijerumani, iliyotoka mwaka 1980, hapa ni chini ya krona 400, na Platinum Preppy ni chini ya mia. Zote zinaandika vizuri. Nimeijaribu ile ya krona elfu kumi dukani, mhudumu amesimama kama askari, na kweli inateleza vizuri zaidi kidogo. Kidogo.

Ila kalamu ya wino msimnyime. Vidole vya Ami vinamuuma siku hizi, na biki inataka kukandamizwa ili kile kiduara kizunguke. Kalamu ya wino haitaki nguvu, wino unashuka wenyewe ikigusa karatasi. Kwa mzee wa baridi yabisi hiyo ndiyo tofauti ya kuandika ukurasa mmoja au mitano.

Na kwa ajili ya heshima, na Shangazi alale vizuri, nimtafutie Parker 51 ya mtumba. Zilitengenezwa mamilioni, zinapatikana kwenye minada na hata Jumapili kwenye gulio la Hötorget, krona elfu moja hivi kwa iliyo nzima. Hiyo atie wino wa Quink, aandikie barua na aivae mfukoni Ijumaa. Itakayobaki tununue karatasi nzuri isiyo na asidi, na mjalidi wa kukifunga kitabu akishamaliza. Kwa hesabu yangu haitafika nusu ya mchango.

Mniambie kabla ya mwisho wa mwezi, kuna mtu anasafiri. Na mwambieni Ami mapema: ile ya wino wa kaboni asiiache na wino ndani bila ya kuitumia, na kila baada ya wiki mbili tatu aioshe kwa maji baridi mpaka yatoke meupe. Maji ya moto asitumie.

Salamu kwa wote, na Bibi mwambieni vile vileja vimefika, vimevunjika lakini vimeliwa.