Kurejesha au Kuondoa? Historia Fupi ya Tangazo la Bidhaa Yenye Hatari

Katika kazi ya kusanifu istilahi kuna maneno ambayo kosa lake humletea mfasiri aibu tu, na kuna mengine ambayo kosa lake laweza kumdhuru msomaji. Miongoni mwa haya ya pili ni maneno yanayotumiwa pale kiwanda au serikali inapotangaza kwamba bidhaa iliyokwisha kuuzwa ina hatari. Jambo hili hutajwa kwa namna mbalimbali: kurejesha bidhaa, kurudisha bidhaa, kuondoa bidhaa sokoni. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya matangazo ya aina hiyo, tangu enzi ya simu za maandishi hadi enzi ya intaneti, na kuonyesha historia hiyo inatufundisha nini sisi tunaochagua maneno ya Kiswahili.

Mwaka 1937 kampuni ya S. E. Massengill ya Bristol, katika jimbo la Tennessee, Marekani, ilitengeneza dawa ya kunywa ya salfanilamaidi. Dawa hiyo ilikuwa imekwisha kutumika kwa vidonge na unga kutibu maradhi yaletwayo na bakteria. Ili kuipata katika hali ya maji, mkemia wa kampuni aliiyeyusha katika dayathilini glaikoli, kimiminiko kitamu ambacho ni sumu ya figo. Kampuni ilichunguza ladha, sura na harufu ya dawa. Haikuchunguza kama ina sumu, wala sheria ya wakati ule haikuilazimisha kufanya hivyo. Dawa ilianza kusambazwa mwezi wa Septemba. Mwezi uliofuata madaktari wa Tulsa, Oklahoma, walipeleka habari kwa chama chao cha taifa kwamba wagonjwa walioinywa walikuwa wakifa.

Hapo ndipo linapoingia suala la maneno. Kampuni ilipeleka simu za maandishi kwa wachuuzi, wenye maduka ya dawa na madaktari zaidi ya 1,000, ikiwataka wairudishe dawa. Lakini simu hizo hazikusema kwamba dawa inaua, wala kwamba jambo lenyewe ni la haraka. Mwenye duka aliyeipokea angeweza kudhani kuwa ni shughuli ya kawaida ya biashara, kama vile kurudisha chupa zilizovuja. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishikilia kwamba ipelekwe simu ya pili, nayo iseme waziwazi kuwa dawa hiyo yaweza kuhatarisha maisha. Simu ya pili ilipelekwa tarehe 19 Oktoba. Wakati huo huo karibu wakaguzi na wakemia wote 239 wa Mamlaka walitawanywa nchini kuitafuta dawa duka kwa duka na nyumba kwa nyumba. Katika galoni 240 zilizotengenezwa, galoni 234 na painti moja zilipatikana. Kiasi kidogo kilichokwisha kunywewa kiliua watu zaidi ya 100, wakiwamo watoto wengi.

Yafaa wanaistilahi wakumbuke jambo moja zaidi katika mkasa huo. Mamlaka haikuwa na uwezo wa kuikamata dawa kwa sababu tu ilikuwa inaua. Iliikamata kwa kosa la jina. Dawa iliitwa eliksiri, neno lenye asili ya Kiarabu, al-iksir, ambalo katika ufamasia lilimaanisha dawa iliyotengenezwa kwa alkoholi. Na dawa hii haikuwa na alkoholi hata tone. Kama ingaliitwa mmumunyo, sheria isingaliigusa. Mwaka 1938 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya iliyowataka watengenezaji wathibitishe usalama wa dawa mpya kabla ya kuiuza.

Miaka 70 na zaidi ilipopita, njia za kupeleka onyo zilikuwa zimebadilika sana, lakini ugumu wake ulikuwa ule ule. Mwishoni mwa mwaka 2008 watu katika majimbo mengi ya Marekani waliugua kwa bakteria wa salmonela. Uchunguzi uliofanywa Minnesota ulisaidia kuonyesha kwamba chanzo kilikuwa siagi ya karanga, na kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa Blakely, Georgia, mali ya Peanut Corporation of America. Watu 714 katika majimbo 46 walithibitishwa kuambukizwa, na maambukizo hayo huenda yalichangia vifo 9. Mwaka 2015 Stewart Parnell, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, alihukumiwa kifungo cha miaka 28.

Shida kubwa ya tangazo la mwaka 2009 ilikuwa kwamba karanga za Blakely hazikuuzwa kwa jina lake. Zilikuwa zimeingia ndani ya biskuti, aiskrimu, peremende na hata chakula cha mbwa, chini ya majina ya kampuni nyingi nyingine. Orodha ya bidhaa zilizoondolewa ilirefuka siku hata siku mpaka ikapita bidhaa 3,900. Gazeti lisingeweza kuichapa, wala redio kuisoma. Ndipo idara za afya za serikali ya Marekani zilipotoa wijeti, yaani kidirisha kidogo ambacho mwenye ukurasa wowote wa intaneti, awe mwalimu, mwenye duka au mwandishi wa habari, aliweza kukipachika katika ukurasa wake. Msomaji aliandika humo jina la bidhaa aliyo nayo nyumbani, naye akajibiwa kama imo katika orodha. Orodha yenyewe ilibaki mahali pamoja, mikononi mwa serikali. Ilipoongezwa jina, vidirisha vyote vilipata jina hilo bila ya kugusa ukurasa hata mmoja. Faida yake ilikuwa kwamba kidirisha kilijibu swali ambalo simu ya kwanza ya mwaka 1937 haikulijibu: je, hiki kilichomo kabatini mwangu ni salama?

Haya si mambo ya Marekani peke yake. Sumu ile ile ya mwaka 1937 ilirudi Afrika. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia, ambako watoto wasiopungua 66 walikuwa wamekufa kwa kuharibika figo. Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba imekuta sumu hiyo katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, na nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Rwanda na Tanzania, zikaagiza toleo hilo liondolewe. Kwa hiyo tangazo la aina hii hutolewa pia kwa wasomaji wa Kiswahili, na wafasiri wetu hawana budi kuwa tayari.

Sasa tuyaangalie maneno yenyewe. Neno kurejesha linapendwa kwa kuwa linaelekea kulingana na neno la Kiingereza. Lakini katika Kiswahili lina hatari ya pekee. Kiambishi -ni cha mahali hakionyeshi mwelekeo: twasema amekwenda sokoni, yuko sokoni, ametoka sokoni, kitenzi ndicho kinachotuambia kama mtu anaingia au anatoka. Basi mtu akisoma kichwa cha habari kisemacho "Unga warejeshwa sokoni," ataelewa kwamba unga uliokuwa umezuiwa sasa umeruhusiwa, naye atakwenda kuununua. Maana aliyoipata ni kinyume kabisa cha maana iliyokusudiwa. Kitenzi kuondoa hakina utata huo, kwa kuwa mwelekeo wake umo ndani yake. Kwa sababu hiyo yafaa tangazo liitwe tangazo la kuondoa bidhaa sokoni, na neno kurudisha liachiwe kazi yake halisi, yaani tendo la mnunuzi kuipeleka bidhaa dukani.

Hata hivyo istilahi peke yake haitoshi. Sentensi "Dawa hii imeondolewa sokoni" ni sahihi, lakini inazungumzia soko, na chupa imekwisha kufika nyumbani. Tangazo halina budi kumwambia mwenye chupa: usimpe mtoto dawa hii, itazame namba ya toleo, irudishe ulikoinunua. Namba ya toleo nayo ielezwe ilipo, kwa kuwa wanunuzi wengi hawajapata kuisoma.

Neno la pili ni mrejesho, ambalo limeenea kwa maana ya habari zinazorudi kutoka kwa watumiaji. Neno hilo ni zuri, lakini katika kurasa na fomu nyingi limegeuzwa kuwa "Toa maoni yako." Mama ambaye mwanawe ametapika baada ya kunywa dawa hana maoni, ana taarifa. Akikuta mahali pa maoni tu, huenda akanyamaza. Madaktari wa Tulsa hawakutoa maoni juu ya dawa, bali walitoa taarifa ya madhara, na bila ya taarifa hiyo hakuna chupa ambayo ingetafutwa. Kwa hiyo yafaa fomu na vidirisha vya idara zetu vitenganishe mambo mawili: maoni ya watumiaji, na taarifa ya madhara.

Kuhusu wijeti, neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa mafundi, wala hakuna sababu ya kuwanyang'anya. Lakini katika maandishi ya umma, kidirisha cha onyo kitaeleweka na mtu asiyejua lolote juu ya ufundi wa kompyuta, naye ndiye anayehitaji kuonywa.

Mtafsiri anapopewa tangazo la namna hii mara nyingi hupewa kwa haraka, nalo huwa fupi. Ufupi huo usimdanganye. Kabla ya kulitoa, na ampe mtu asiyejua habari yoyote alisome, kisha amuulize swali moja tu: sasa utafanya nini? Mtu huyo akijibu kwamba atakwenda kununua, tangazo hilo lifasiriwe upya.