Panda ya Chukudu: Ufundi na Historia katika Barabara ya Kibati

Historia ya usafiri katika Afrika ya Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kwa kufuata reli, meli na motokaa. Vyombo vilivyobuniwa na wananchi wenyewe vimepewa nafasi ndogo. Makala hii inajadili kimojawapo, yaani chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kitumikacho Kivu ya Kaskazini, na hasa sehemu yake ya mbele.

Chukudu ilianza kuonekana katika miaka ya 1970. Wakati huo hatua ya Mobutu ya Novemba 1973 ya kutwaa biashara za wageni na kuwagawia raia ilikuwa imevuruga uchumi, na vipuri vya magari vikawa adimu. Mazingira nayo yalichangia. Kibati ipo kwenye miteremko ya mlima Nyiragongo, kando ya barabara itokayo Rutshuru kwenda Goma. Mzigo wa viazi, kabichi au makaa huteremka kwa uzito wake wenyewe. Kazi ya mwendeshaji ni kuuongoza na kuuzuia.

Mteremko huo ndio unaoeleza umuhimu wa panda, yaani mti wenye matawi mawili yanayoshika gurudumu la mbele. Shina la panda hupenya kichwa cha boriti, na juu yake hufungwa usukani. Kiungo hiki kina kazi mbili zinazopingana: sharti kikaze ili kihimili mamia ya kilo, na sharti kilegee ili kigeuke. Fundi anayeunganisha upya foku ya pikipiki kuukuu hukabili tatizo lilo hilo. BMW R12 ya mwaka 1935 ililitatua kwa mirija yenye springi na mafuta. Chukudu hutegemea ugumu wa mti na ukanda wa mpira wa tairi uliopigiliwa kwenye gurudumu. Kwa kuwa hakuna kipimo cha kiwandani, panda mpya huchongwa kwa kulinganishwa na tundu lililokwisha kulika. Likipwaya, usukani huyumba, na katika mteremko mwendeshaji huweza kupoteza maisha.

Mwaka 2009 sanamu ya chukudu ilizinduliwa mjini Goma. Heshima hiyo ilistahili. Hata hivyo, barabara yenyewe haikupata utulivu: kambi za wakimbizi wa ndani zilijaa Kibati mwaka 2008, mapigano yalizuka hapo Agosti 2013, lava iliikata barabara Mei 2021, na Januari 2025 Goma ikatwaliwa na M23. Fundi akihama, ujuzi wake huhama naye, kwa maana haukuandikwa popote.

Hatuna budi, basi, kukusanya istilahi za mafundi hawa wangali hai. Kiswahili kina neno panda tangu zamani, katika mti na katika njia. Maneno ya Kibati ya kukaza, kulegeza na kupwaya kwa kiungo hiki bado yanangoja kuingizwa katika kamusi zetu.