Majina ya Kiswahili na Nyumba za Maonyesho ya Sanaa Jijini Nairobi

Mtu atakayejaribu kuandika historia ya maonyesho ya sanaa jijini Nairobi hana budi kukutana na jambo moja lililo rahisi kupitwa, kwa kuwa li wazi mno. Tangu ulipokaribia Uhuru, nyumba na vikundi vilivyofungua milango ili watu waje kutazama picha na vinyago vimepewa mara nyingi majina ya Kiswahili: Chemchemi, Paa ya Paa, Watatu, Kuona, Maasai Mbili, Wajukuu. Lakini yaliyoandikwa ndani ya nyumba hizo, yaani vibandiko vilivyo chini ya picha, orodha za maonyesho, na hakiki zilizofuata magazetini, aghalabu yalikuwa ya Kiingereza. Kiswahili kiliwekwa mlangoni kama bawabu. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyokuwa, na kuonyesha kwamba haikutokana na uhaba wa maneno.

Chemchemi ndiyo iliyotangulia. Ilianzishwa mwaka 1963 na Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, nayo ilikusudiwa kuwa mahali pa fasihi, maigizo na sanaa za kuchora pamoja. Jina lake halina mzozo: maji yatokayo chini kwa nguvu zake yenyewe. Kazi za uchoraji zilisimamiwa na Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, chini ya mlima Kilimanjaro, akasomea Makerere kwa Margaret Trowell. Huyu alikuwa amekwisha kujulikana kwa picha tano kubwa alizochora mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kuta za kanisa la ukumbusho la Murang'a, ambamo maisha ya Kristo, tangu kuzaliwa hata kusulubiwa, yanatendeka katika milima na migomba ya Wakikuyu. Mwaka 1965 yeye na wenzake, miongoni mwao Jonathan Kariara aliyekuwa mshairi na mhariri, Hilary Ng'weno mwandishi wa habari, na Terry Hirst mchoraji, walifungua Paa ya Paa katika jumba la Sadler, barabara ya Koinange, katikati ya mji.

Jina hili lataka kutazamwa kwa makini zaidi kuliko mengine. Waanzilishi walilifasiri kuwa ni paa, yule mnyama, anayepaa. Mwanafunzi wa sarufi atakayeliona kibaoni atashtuka kidogo. Likisomwa kama lilivyoandikwa, maneno matatu mbalimbali, ni tungo ya umilikaji, na hapo upatanisho unakwenda kombo: paa mnyama angetaka "wa", na paa la nyumba lingetaka "la". "Ya" ingefaa tu kama tungekuwa na mapaa mengi. Lakini fasiri ya waanzilishi yatuonyesha njia. "Ya" hapa si kihusishi cha umilikaji, bali ni kiambishi cha kitenzi kilichotengwa na shina lake: i- ya ngeli ya I-ZI ikikutana na -a- ya wakati hutoa ya-, kama tusemavyo "nyumba yaanguka" au "mvua yanyesha". Jina basi ni "Paa yapaa". Msahihishaji angeandika "Paa apaa", kwa sababu mnyama ana uhai. Ni kweli kwamba wanyama huvaa upatanisho wa I-ZI mara kwa mara, tukisema "mbuzi zangu", lakini hayo hutokea katika vimilikishi, si katika vitenzi. Sisi twaona kwamba kosa hili, kama ni kosa, limeleta faida. Paa aliyechongwa au kuchorwa hana uhai, na bado yapaa. Isitoshe, kwa kuliandika neno mbalimbali, walimwachia msomaji maana nyingine zote za "paa" mkononi: dari lililo juu ya kichwa chake, kupaa samaki magamba, na kupaa moto, yaani kuchota makaa katika meko ya jirani ili kuwasha kwako.

Tena hakuna msomaji wa ngano za Kiswahili awezaye kulisikia jina hilo asimkumbuke paa wa kisa cha Sultani Darai, kilichochapishwa katika mkusanyo wa Edward Steere mwaka 1870. Paa huyo alinunuliwa na maskini kwa thumuni aliyoiokota jaani, akamtajirisha bwana wake kwa ulimi na akili zake, na alipougua bwana akamkana. Hatusemi kwamba waanzilishi walikikusudia kisa hicho. Twasema tu kwamba jina la Kiswahili likishawekwa mlangoni huja na jamaa zake.

Njau aliwafundisha vijana kwamba wasinakili, kwani kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Shabaha ya neno hilo ilikuwa ile biashara ya vinyago vya watalii vinavyochongwa kwa mamia kwa mfano mmoja, na kwa shabaha hiyo lilikuwa neno la haki. Hata hivyo, fundi wa pwani angeliuliza swali. Yeye alijifunza nakshi kwa kumfuata fundi wake, mstari kwa mstari, miaka mingi, kabla ya kuruhusiwa kuongeza jani moja la kwake. Kwake nakala si adui wa nakshi bali ni ngazi yake. Mjadala huo, ambao ungekuwa mjadala mkubwa wa nadharia ya sanaa, na ambao maneno yake yote mawili yamo katika Kiswahili, haukuandikwa kwa Kiswahili. Paa ya Paa baadaye ilihama kutoka katikati ya mji hadi Ridgeways, kando ya njia ya Kiambu, na mwaka 1997 moto uliiteketeza pamoja na kazi nyingi za sanaa zilizokuwamo. Yaliyosemwa humo kwa mdomo katika miaka yote ile hayana kibandiko.

Gallery Watatu ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wachoraji watatu: Jony Waite, Robin Anderson na David Hart. Waanzilishi hao waliondoka, na "Watatu" ikabaki kuwa jina la nyumba yenye mwenyewe mmoja. Tangu katikati ya miaka ya 1980 mwenyewe huyo alikuwa Ruth Schaffner, aliyeiongoza mpaka alipofariki mwaka 1996. Nyumba yenyewe ilifungwa mwaka 2012. Schaffner aliwapa nafasi wachoraji wengi ambao hawakupitia shule ya sanaa, na hapo ndipo suala letu la lugha lilipopata uzito. Jak Katarikawe, mzaliwa wa Kigezi nchini Uganda, hakupata elimu ya shule. Kila picha yake ilikuwa na kisa, na kisa hicho alikisimulia kwa mdomo: ng'ombe wanaoota ndoto, wapenzi, ndovu, wivu. Leo tunayasoma majina ya picha hizo vitabuni kwa Kiingereza. Kati ya msimulizi na kibandiko palikaa mtu mwingine, aliyesikiliza, akachagua, akafupisha. Huenda alifanya kazi yake vizuri. Lakini mchoraji hakuweza kusoma kilichoandikwa chini ya kazi yake mwenyewe, wala kukipinga.

Je, maneno yalikosekana? Kwa swali hilo yafaa tuiache Nairobi kidogo, twende Lamu, hasa kwa kuwa Nairobi yenyewe ilikwenda huko. Katika miaka ya 1970 Usam Ghaidan, mhadhiri wa usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliupima na kuuchora mji wa Lamu, na kitabu chake juu ya mji huo kilitoka mwaka 1975. Ramani za nyumba za mawe zilizochorwa katika utafiti wa aina hiyo zilibeba istilahi za wenyeji, kwa sababu hapakuwa na nyingine za kutosha: daka, ambapo mgeni huketi kabla ya kukaribishwa, tekani, kiwanda, ambacho hapa ni ua wa wazi wala si mahali pa mashine, sabule ya wageni, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na ndani. Vyumba hivi hufuatana, kila kimoja kikiwa kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, hata jicho la aliyesimama kiwandani likivuka misana miwili likafikia ukuta wa ndani. Na katika ukuta huo mna zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa katika chokaa, ambamo viliwekwa vyombo vya kauri na vitu vya thamani.

Tukiulizwa maonyesho ni nini, ukuta wa zidaka ni jibu zuri. Pana vitu vilivyochaguliwa, pana mpango, pana mahali pa kusimama, na pana swali la nani anaruhusiwa kufika karibu na nani atazame kwa mbali. Tofauti yake na maonyesho ya mjini ni kwamba mtazamaji hakuwa mnunuzi. La kushangaza zaidi ni hili: wataalamu walioandika kwa Kiingereza walipotafuta neno la kufasiri "msana", chumba kirefu chembamba, walichukua neno lile lile ambalo lugha yao hulitumia kwa nyumba za kuonyeshea picha. Sisi nasi, tulipotaka kuzitaja nyumba hizo, tukaenda kuliazima neno lao tukasema "galari", hali msana uko Lamu. Twapendekeza neno msana lijaribiwe. Wapo watakaosema kwamba halijulikani bara, nasi hatukatai. Twajua pia kwamba jirani zetu wa Dar es Salaam walijipatia jina lisilohitaji mkalimani, Nyumba ya Sanaa, tangu mwaka 1972.

Maneno mengine yapo, ila yana mikunjo inayotaka kukunjuliwa. "Kuchora" kwa asili ni kutia alama kwa ncha, kukwaruza na kuchonga juu ya mbao au jiwe. Kalamu ilikuja baadaye. Kwa hiyo neno hili lashika mstari vizuri kuliko rangi. Ukitaka kusema kwamba mtu amefanya picha kwa rangi tupu, bila mstari, utahangaika: "kupaka rangi" ni kazi ya mwenye ngazi na ndoo, na "rangi ya mafuta" dukani ni ile ya milango. "Sanamu" zamani lilishika picha na kinyago pia. Sasa limebaki na kinyago. "Sanaa" lilikuwa kazi ya ustadi wa mikono, ya mhunzi na seremala, na leo kijana wa Nairobi akitaja msanii yamkini anamkusudia mwimbaji. Kazi ya uhakiki ni kuyanyoosha maneno ya namna hii kwa kuyatumia, makala baada ya makala, na ndiyo kazi ambayo haikufanywa.

Mwaka 1995 ilianzishwa Kuona Trust, karakana za wasanii zilizoanzia katika Makumbusho ya Taifa. Tazama kwamba walichagua "kuona", si "kuonyesha". Kuona ni tendo la mtazamaji. Kuonyesha kwahitaji mtu wa pili, mwenye uwezo wa kumfanya mwingine aone. Jinsi uwezo huo unavyoweza kupotoka ilidhihirika mwaka 2015, ilipotangazwa orodha ya watakaoiwakilisha Kenya katika maonyesho makuu ya Venice: wengi wao walikuwa Wachina. Jambo kama hilo lilikuwa limetokea mwaka 2013. Safari hii wasanii wa Nairobi walipinga hadharani, na serikali ikajitenga na orodha hiyo.

Limebaki kundi moja ambalo ndani yake Kiswahili hakikukaa mlangoni tu. Maasai Mbili lilianzishwa Kibera mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, ambao, kama majina yao yanavyosema, si Wamaasai. Walikuwa waandikaji wa vibao vya maduka. Sarufi ya jina lao ingemkera mwalimu yeyote, kwani sanifu ni "Wamaasai wawili". Lakini hiyo ndiyo hesabu ya Nairobi, ambako "mbili" haibadiliki mbele ya mtu wala kiti. Kibao cha kinyozi au cha mama wa mboga ni picha na maandishi kwa pamoja, na mteja hukisoma bila ya kufafanuliwa na mtu. Ingefaa idara zetu zipeleke wanafunzi kukusanya maandishi ya vibao hivyo kama tunavyokusanya methali, kabla ya vibao vya plastiki vinavyochapishwa kwa mashine kuvimaliza.

Na huko Mukuru, katika eneo la viwanda, kipo kikundi cha Wajukuu. Mwaka 2022 kilialikwa katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, kikatunukiwa tuzo ya Arnold Bode ya mwaka huo. Jina halikutafsiriwa. Waliufunika mlango wa jumba walilopewa kwa mabati yenye kutu, hata mtazamaji akaingia kwa kupita katika njia nyembamba yenye giza kidogo kabla ya kuona chochote. Ni mabati ya aina iliyo katika mapaa ya nyumba za Mukuru.